Adabu ya Baba na Mbio za Mbololo

Mwaka juzi, nilipojiandikisha kwa mbio zangu za kwanza za masafa marefu, baba yangu alikuwa na adabu kwangu kwa miezi minane mfululizo. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Baba ni mzee wa Mbololo, kilimani juu ya mji wa Voi, na mimi ni kifungua mimba wake; alinilea kwa mapenzi na kwa kelele, na kelele ndizo zilizotangulia. Aligomba nilipovunja mtungi. Aligomba nilipokuwa wa pili darasani, akitaka kujua huyo wa kwanza ana vichwa vingapi. Siku ya harusi yangu aligomba kwa sababu nililia nikaharibu poda, kisha yeye mwenyewe akaenda kulia nyuma ya zizi. Kwa hiyo alipoanza kuniambia "asante" na "karibu tena", nilijua nimeharibu kitu.

Nilikuwa nimeharibu kaburi la mama. Mama alizikwa chini kidogo ya nyumba, kwenye tuta la tatu la shamba. Baba alilizungushia mawe kwa mikono yake, akapanda miche ya masale kwenye pembe zote nne, na akaliacha hivyo, udongo kwa udongo. Mimi nilikuwa Voi, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye mshahara na mwenye kujiona mjanja, na kila nikipanda nyumbani naona makaburi ya majirani yana vigae vinavyong'aa. Niliona aibu. Baba aliposafiri siku tatu kwa mkutano wa wazee wa kanisa, nilipanda na fundi. Nilitaka kumfurahisha kwa ghafla. Fundi aling'oa masale, akamwaga zege, akapanga vigae vyeupe, na jioni ya siku ya tatu kaburi la mama lilikuwa linameta kama bafu la hoteli.

Baba alirudi akasimama pale, begi bado liko mkononi. Kisha akanigeukia na kusema, "Asante sana, mwalimu."

Hakuwa amewahi kuniita mwalimu. Tangu siku hiyo nilipofika nyumbani alinyanyuka kunipa mkono. Alinikalisha kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, kile cha pasta, na akamtuma wifi yangu dukani aniletee soda. Mimi, niliyezoea kuingia kwa mlango wa jikoni na kufunua sufuria! Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa mgeni miezi minane na hakuna aliyenionyesha jembe. Nilijaribu kuomba msamaha mara mbili. Mara zote mbili alinijibu kwamba hakuna neno, kazi ilikuwa nzuri, akauliza habari za wanafunzi.

Kukimbia nilikuwa nimeanza kitambo, kwa sababu ya presha na kwa sababu ya mwalimu mwenzangu wa darasa la nne aliyenitania kwamba napumua kama gari la mkaa. Tulikimbia asubuhi kando ya mashamba ya mkonge. Huku kwetu hakuna haja ya mkufunzi wa mbio. Ukiona kinyesi cha ndovu ambacho bado kinatoa moshi, kasi inakuja yenyewe. Kidogo kidogo kilomita tano zikawa kumi, kumi zikawa ishirini, na miguu yangu ya miaka arobaini na tisa, iliyozoea kusimama mbele ya ubao tu, ikaanza kunishangaza. Ndipo likaja tangazo kwenye kundi letu la simu: mbio za kilomita hamsini, kutoka uwanjani karibu na mji, kupanda Mbololo, kupita msituni juu kabisa, kuteremka upande wa pili na kuzunguka kurudi Voi. Njia ilipita mlangoni kwa baba. Nilijiandikisha usiku huohuo kabla akili hazijanirudia.

Jumamosi moja kabla ya mbio nilipanda kumwambia. Nilikunywa soda yangu. Baba alisikiliza, akasema ni jambo jema, mazoezi ni afya, akanitakia kila la heri kama mtu anayefunga mkutano.

Wifi alinisindikiza hadi barabarani. Ni mke wa mdogo wangu, anaishi na baba, na mdomo wake hauna breki. "Wewe unaenda kukimbia milima na mzee ana kitu moyoni?" aliniuliza. "Mwambie akutase kwanza. Ukivunjika mguu huko usiseme ni jiwe."

Niliyezaliwa vilimani sihitaji kuelezwa kutasa, ila nitaeleza kwa ajili ya wengine. Mkubwa wako akiwa na hasira nawe, hata kama hasemi, hata kama ana haki nayo, inaaminika kwamba hasira hiyo hukufuata na kukuzibia njia. Dawa yake ni yeye mwenyewe aitoe. Huchukua kinywaji, maji au maji ya muwa, husema yaliyo moyoni, halafu hukupulizia kilichomo mdomoni mwake ili hasira itoke nacho. Wachungaji wengi hawaipendi habari hii. Wazee wengi wa kanisa huifanya Jumamosi, na Jumapili wanakusanya sadaka.

Sikumwomba. Nilimwambia wifi kwamba mimi ni mtu wa maombi na viatu vyangu ni vipya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Niliogopa baba angekubali kwa adabu, anipulizie kwa adabu, na aniambie karibu tena. Hilo nisingeliweza.

Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa nane, watu kama mia moja tumejikunyata kwa baridi. Huku chini miti ilikuwa inapukutisha majani, na miiba ndiyo iliyobaki kutupokea. Tulikanyaga majani makavu yakalia chini ya miguu hadi tulipoingia kwenye mashamba ya watu, migomba na mihogo, na akina mama wakasimama na majembe kutushangaa. "Mnakimbizwa na nani?" mmoja aliuliza. Nilimjibu kwamba tumelipa ili tukimbie. Alishika kiuno akacheka mpaka nikasikia kicheko chake kwenye kona ya tatu.

Kisha msitu. Nilikulia chini ya msitu huu na nilikuwa sijauingia tangu nilipokuwa msichana wa kuokota kuni. Ukungu ulikuwa mzito, mtu wa mbele yangu akageuka kuwa sauti ya viatu tu. Majani ya huko juu hayasubiri msimu, huanguka mwaka mzima, na ardhi ilikuwa laini na yenye unyevu, na kwenye mawe maua madogo ya zambarau yalikuwa yamechanua bila kujali kama kuna mbio. Nilipanda nikishika mizizi. Nilipofika juu nilikuwa natokwa na machozi, na si kwa uchungu. Nilishukuru kwa mapafu. Nilishukuru kwa magoti, moja baada ya lingine, kwa majina yao ya kulia na kushoto. Mama alikufa kwa moyo akiwa na umri ulionizidi miaka sita tu, na mimi moyo wangu ulikuwa unapiga huko mlimani kama ngoma ya harusi. Nilimwambia Mungu asante kwa sauti, na yule mtu wa ukunguni akaitikia amina.

Mteremko wa upande wa pili ulinipeleka nyumbani. Kilomita thelathini na tatu, saa sita na dakika kumi mchana. Hesabu nilikuwa nimeifanya mapema: kituo kinachofuata kilikuwa kilomita ya arobaini na mbili, na asiyefika pale saa nane kamili anatolewa. Kwa miguu iliyochoka nilihitaji saa moja na robo. Nilikuwa na nusu saa ya ziada, zaidi kidogo. Nilipanga kupunga mkono na kupita.

Baba alikuwa amesimama katikati ya njia. Alivaa koti lake la kanisani. Mkono mmoja alishika fimbo, mwingine kikombe cha bati. Wifi alikuwa nyuma yake akitazama pembeni kama mtu asiyehusika, na nikajua ni nani aliyempelekea mzee habari ya kutasa. Majirani watano sita walikuwa wameketi ukingoni wakila miwa, wametulia kabisa, wamekuja kuona.

"Simama," baba alisema kwa Kidawida, lugha ya kwetu vilimani.

Nikasimama. Mnaosema haraka haraka haina baraka, nawaambia baraka nazo hazina haraka. Baba alivua kofia. Alianza na Mungu, akashuka kwa babu yake aliyefungua shamba lile, akaja kwa baba yake, akawataja ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa. Wakimbiaji walinipita. Mwalimu mwenzangu alinipita, akanitolea macho, akaona kikombe na koti, akavua kofia naye na kupita kando taratibu. Mimi nilitazama saa. Baba aliona nikitazama saa. Akarudi nyuma ndugu wawili na kuanza tena.

Mwishowe alifika kwangu. Alipiga funda moja, hakulimeza, akalipuliza kifuani pangu. Maji ya muwa, baridi na matamu, yakanimwagikia fulana na namba yangu ya mbio.

"Hasira ya vigae, naitoa," alisema, na sauti yake haikuwa ya adabu wala ya kelele, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Watu wanadhani nilikasirikia uzuri. Vigae ni vizuri. Lakini mimi nilikuwa nikipalilia pale kila Jumamosi. Nikishika jembe nilikuwa naongea na mama yako, namweleza wiki ilivyokwenda. Mtu hawezi kusimama bure kwenye kaburi akiongea, watasema amerukwa na akili. Mwenye jembe haulizwi. Sasa vigae havioti magugu. Sina kazi pale."

Akapuliza tena. Mimi nilikuwa nimeshika mdomo wangu kwa mikono yote miwili.

Alitaja mengine. Alitaja kwamba sikumuuliza. Alitaja kwamba nilingoja asafiri. Alitaja hata kwamba yeye mwenyewe amekosa kwa kuninyamazia, na hilo nalo akalipuliza. Kila neno lilipata funda lake la maji ya muwa, mpaka kikombe kikaisha na mimi nikawa nimelowa kama mtoto aliyebatizwa mtoni. Kisha akavaa kofia, akanipa mkono, na kusema, "Njia ni yako. Nenda salama, mwalimu."

Mwalimu! Niliondoka pale dakika arobaini baadaye nikiwa sijui nimebarikiwa au nimeagwa. Maneno ya kutasa yanasemwa na mdomo. Moyo haujulikani mpaka baadaye, wazee wenyewe husema hivyo. Labda alikuwa ametoa kila kitu. Labda wifi alimsukuma, na majirani walikuwa wakitazama, na mzee wa kanisa hawezi kumpitisha bintiye njiani bila kufanya linalostahili. Nilikimbia nikiligeuza neno lile moja, mwalimu, mwalimu, na kila hatua ilivyogusa chini liliniuma upya.

Nyuki nao walikuwa na maoni yao. Mtu aliyepakwa maji ya muwa akikimbia juani kuelekea bondeni ni karamu inayotembea. Walinipata karibu na mto mkavu. Nilikimbia ile kilomita kwa kasi ambayo sijawahi kuifikia tena, nikipiga kelele na kupunga mikono, na nina hakika kama wangeendelea kunifuata ningewahi kituoni. Lakini waliniacha, na waliponiacha goti la kushoto likakumbuka umri wake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilikuwa nimesikia la mkuu lote, kwa dakika arobaini, na guu lilivunjika moyo vilevile. Nilichechemea kilomita nne za mwisho katikati ya miti iliyobaki mifupa, majani yake yakielea na upepo mbele yangu.

Nilifika kituoni saa nane na dakika saba.

Msimamizi wa kituo alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa bara aliyehamia Voi zamani, ninayemfahamu kwa sababu nimefundisha watoto wake wawili. Alikuwa na daftari mkononi na uso wa mtu aliyetumwa kuleta habari ya msiba.

"Mwalimu, pole sana," alisema. "Taimu imeisha. Ni dakika saba tu lakini sheria ni sheria. Kulikuwa na shida gani? Tuliambiwa kule juu ulikuwa unaenda vizuri."

"Nilisimamishwa na baba."

Aliniangalia, fulana imegandamana, nyuki mmoja bado ananizunguka. Amekaa huku miaka ya kutosha, hakuuliza zaidi. Alinifungua namba polepole kama mtu anayemvua mgonjwa nguo, akanipa maji, akanionyesha pikapu iliyokuwa inawarejesha mjini waliotolewa. Kulikuwa na nafasi mbele, karibu na dereva. Miguu yangu ilikuwa inalilia kile kiti.

Nililia pia, siwezi kuficha. Miezi ya kuamka alfajiri, na dakika saba! Nilimkasirikia wifi, nilimkasirikia babu aliyefungua shamba na ndugu zake wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Halafu nilipomaliza kulia niliona kwamba jambo moja tu ndilo nililotaka kulijua siku ile, na halikuwa Voi. Nilimshukuru msimamizi, nikamwomba amwambie mwalimu mwenzangu asinisubiri, nikageuka nikaanza kupanda nilikotoka.

"Mwalimu, mbio ziko huku!" aliniita.

"Najua," nilimjibu.

Kilomita tisa za kupanda zilinichukua karibu saa tatu. Mama mmoja alinipa fimbo. Mwingine alinikalisha akanipa muhogo wa kuchemsha na chumvi, akanitazama nikila mpaka nikamaliza, kisha akaniruhusu niendelee. Hawakuwa wa mbio, hawakuwa na daftari, hawakujua nimetolewa. Nawaombea heri mpaka leo. Mbio zilikuwa za kilomita hamsini. Mimi, thelathini na tatu na tisa na tisa, nilienda hamsini na moja, na kama kuna mtu anabisha aje tuhesabu pamoja.

Jua lilikuwa bado liko juu ya kilima nilipotokea kwenye kona ya nyumbani. Baba alikuwa uani anachonga mpini. Aliinua macho. Aliona fimbo, aliona goti lililovimba, aliona nimetokea upande usiotarajiwa. Nilisimama. Kama angenyanyuka kunipa mkono, nilikuwa nimeshaamua, ningegeuka na kuteremka gizani.

Hakunyanyuka. Alirusha mpini chini.

"Umetokea wapi?" alinguruma. "Si ulikwenda Voi? Na hilo goti ni nini? Wamekutoa! Wamekutoa halafu unapanda mlima kwa mguu mmoja, magari yamekwisha duniani? Mwanamke mwenye wajukuu, unakimbia na suruali ya kubana mbele ya kanisa zima! Umekula nini tangu asubuhi? Usinijibu! Viatu vyenyewe ni vya rangi gani hivyo? Na hivyo vigae, nani alikwambia kaburi ni bafu? Nani? Masale yangu manne, mwaka mzima nayabembeleza yashike, unakuja na fundi asiyejua hata salamu!"

Wifi alitoka jikoni na mwiko, akasimama mlangoni, akaanza kucheka. Baba akamgeukia naye akamgombeza kwa kucheka, kisha akarudi kwangu akaanza upya kutoka kwenye goti. Sauti yake ilivuka bonde ikarudi. Jirani wa chini akachungulia kuona kama kuna mwizi. Mimi nilivuta kigoda kilichokuwa kando ya banda la kuku nikaketi, machozi na maji ya muwa vimechanganyika shingoni, na sikumbuki kama nimewahi kumshukuru Mungu kwa namna ile, hata kule juu msituni.

"Miaka yote nimekusomesha," baba alisema, akininyooshea kidole. "Una akili gani wewe, mtoto?"

"Sina, Baba," nikamjibu, nikasogeza kigoda karibu zaidi nisipitwe na neno.